*ASILIMIA 5 YA NINI? TAARIFA YA TAWI KUHUSU MAFUTA YA LOKICHAR*



Kila kura zikikaribia tunaimbiwa wimbo ule ule: "Asilimia 5 ya mafuta ni yenu, watu wa Turkana." Tunasema wazi: huo ni ukweli nusu, na ukweli nusu umetulaza njaa.

Sheria ya Petroli ya 2019 haitupi asilimia 5 ya mafuta. Inatupa asilimia 5 ya *mgao wa serikali* katika faida. Kaunti ni 20, serikali kuu 75. Kabla ya hapo kampuni hujirudishia gharama zake, kisha huchukua mgao wake wa faida.

Tupige hesabu ya mfano tu. Mafuta yameuzwa shilingi 100. Gharama zikiwa 60, faida ni 40. Serikali ikipata nusu, ni 20. Asilimia 5 yake ni *shilingi 1*. Gharama zikiandikwa 80, jamii inabaki na *senti 50*. Hapa mwenye kisu ni yule anayeandika gharama.

Na wenye leseni hawakai. Tullow iligundua mafuta Ngamia 1 mwaka 2012. Africa Oil na TotalEnergies walijiondoa 2023, Tullow ikabaki peke yake. Mwaka 2025 ikauzia Gulf Energy. Gharama za miaka hiyo yote haziondoki na aliyeondoka. Ndizo zitakazodaiwa kwanza pipa likianza kuuzwa. Agosti 2019 mapipa yalipakiwa melini Mombasa, tukapigiwa makofi. Makofi si risiti.

Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema mafuta ni mali ya umma, serikali inayashika kwa niaba yetu. Mshika mali ya watu hutoa hesabu.

Kwa hiyo, mwombaji kura yeyote, *hata wa chama chetu*, aulizwe haya matatu:
1. Gharama zinazodaiwa ni kiasi gani, na nani amezikagua?
2. Mkataba wote utawekwa wapi tuusome, kwa Kiswahili na Kiturkana?
3. Hazina ya jamii itasimamiwa na nani, na sisi tutawachaguaje?

Asiyejibu, asipewe kipaza sauti.

Mali bila daftari hupotea bila habari.

_Imetolewa na Katibu wa Tawi kwa niaba ya Kamati. Wasomeeni wazee wasio na simu._