Kodi Ichukue Mavuno, Isichukue Mbegu

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo mfanyakazi mwenye akiba yafaa aziweke pamoja moyoni. Ya kwanza ni haba na haba hujaza kibaba. Ya pili ni bandu bandu huisha gogo. Siku hizi mwananchi wa Kenya huhubiriwa sana ile ya kwanza: weka shilingi mia leo, weka mia nyingine kesho, na uzeeni hutakuwa mtu wa kuomba. Ile ya pili haihubiriwi. Leo twataka kuisema sisi, kwa sababu inahusu kodi inayokatwa katika akiba za watu wadogo, nayo hukatwa kimya kimya hata wengi wanaoitoa hawajui kuwa wanaitoa.

Kwanza tuseme jambo moja ili tusieleweke vibaya. Sisi hatupingi kodi. Barabara haijitengenezi, mwalimu hali maneno matupu, wala dawa haziji hospitalini kwa dua peke yake. Nchi isiyotoza kodi ni nchi inayoomba, na nchi inayoomba haiwezi kujisifia uhuru wake. Kwa hiyo hatuulizi kama mwananchi atoe au asitoe. Twauliza atoe lini, na kwa nini mwenye kidogo adaiwe mapema kuliko mwenye kingi.

Sheria yenyewe ni hii. Riba ambayo benki humlipa mkaazi wa Kenya hukatwa asilimia 15 kabla haijamfikia mkononi. Mapato ya riba yanayogawiwa na mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hasa ile iitwayo mifuko ya soko la fedha, hukatwa vivyo hivyo. Kodi hii huitwa kodi ya zuio, nayo kwa mtu binafsi ndiyo ya mwisho: hadaiwi nyingine juu ya riba ile, wala hana njia ya kuirudisha. Katika kila shilingi 100 za riba, 15 zaenda Hazina na 85 zabaki kwa mwenyewe. Nani atalalamika kwa hayo?

Lakini hiyo ni hesabu ya siku moja, na akiba ya uzeeni si jambo la siku moja. Faida ya mfuko wa namna hii hutokana na riba juu ya riba. Riba ya mwaka huu huungana na mtaji, na mwaka ujao nayo huzaa. Mkulima aelewa jambo hili bila ya kufundishwa, kwa kuwa mahindi ya mwaka huu ndiyo mbegu ya mwaka ujao. Kodi inayokatwa kila riba inapoingia haichukui chakula peke yake. Yachukua na mbegu, pamoja na yote ambayo mbegu ile ingalizaa mpaka mwisho.

Na tufanye hesabu, maana maneno bila ya hesabu ni upepo. Fundi mwenye umri wa miaka 30 aweka shilingi 100,000 katika mfuko, naye haongezi wala hapunguzi kitu mpaka atimize miaka 60. Tuseme mfuko wazaa asilimia 10 kila mwaka. Kiwango hiki twakichukua kwa wepesi wa kuhesabu, kwa kuwa viwango vya kweli hupanda na kushuka. Kama hapana kodi, baada ya miaka 10 atakuwa na shilingi 259,400, baada ya miaka 20 shilingi 672,700, na baada ya miaka 30 shilingi 1,744,900. Kodi ikikatwa kila mwaka, ile asilimia 10 yageuka kuwa 8 na nusu. Basi baada ya miaka 10 atakuwa na 226,100, baada ya miaka 20 atakuwa na 511,200, na baada ya miaka 30 atakuwa na 1,155,800.

Tazama jinsi gogo linavyobanduliwa. Katika miaka 10 ya kwanza, fundi huyu amepungukiwa na asilimia 21 ya faida ambayo angaliipata. Kwa miaka 20, upungufu umefika asilimia 28. Kwa miaka 30, umefika asilimia 36. Sheria yasema 15, na 15 ndiyo inayokatwa kila mara, lakini mwenye akiba aliyesubiri miaka 30 aona pengo la zaidi ya theluthi moja. Wala hapana mtu aliyemwibia. Katika mwaka wa kwanza zilikatwa shilingi 1,500. Katika mwaka wa pili zile 1,500 hazikuwapo kuzaa 150, na mwaka wa tatu zile 150 nazo hazikuwapo kuzaa 15. Upungufu nao wazaa upungufu. Mwenye subira ndiye anayeumia kuliko wote, na hali subira ndiyo tunayomhimiza awe nayo!

Sasa tumtazame jirani yake aliyenunua kiwanja kwa shilingi 100,000 zile zile, na tuseme thamani ya kiwanja yapanda kwa asilimia 10 ile ile kila mwaka. Ada za ardhi za kaunti tuziache kando. Hapa twazungumza juu ya faida tu. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo ilisimamishwa mwaka 1985, ilirudishwa mwaka 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, na tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Idadi ni ile ile anayotozwa fundi wetu. Tofauti ni kuwa mwenye kiwanja hadaiwi kitu mpaka siku anapouza. Miaka 30 thamani yapanda, na hapana anayemgongea mlango. Tuseme akiuza hukatwa asilimia 15 ya faida yake yote mara moja, akaondoka na shilingi 1,498,200. Fundi wa mfukoni aliondoka na 1,155,800. Tofauti yao ni zaidi ya shilingi 342,000, nayo haikuletwa na bidii wala uvivu. Imeletwa na siku ya kudaiwa tu. Na mwenye hisa zilizoandikishwa katika Soko la Hisa la Nairobi ana nafuu zaidi, kwa maana akiziuza hata hiyo kodi ya faida ya mtaji hadaiwi.

Hapana shaka mtu wa Hazina atatujibu kuwa fedha za fundi hazikupotea hewani. Serikali ilizipata mapema ikazitumia, na shilingi iliyoingia leo ni shilingi ambayo haikukopwa leo. Jibu hili lina haki yake, nasi hatulikatai. Katika mfano wetu Serikali imekusanya shilingi 186,300 kidogo kidogo kwa miaka 30. Kama ingalingoja mpaka mwisho ingalipata 246,700, ila kungoja miaka 30 si jambo jepesi kwa nchi yenye madeni. Lakini sisi twamrudishia swali lake mwenyewe: kama kungoja ni gharama kwa Serikali, mbona humngojea mwenye kiwanja? Ikiwa yaweza kumngojea mwenye mali, haishindwi kumngojea mwenye akiba.

Liko na jambo jingine lenye uzito zaidi. Katika mshahara, sheria ya Kenya hufuata uwezo wa mtu. Kwa nafuu iliyowekwa, mfanyakazi asiyezidi shilingi 24,000 kwa mwezi hatozwi kodi ya mapato, na tangu Julai 2023 mwenye mshahara mkubwa kabisa hutozwa mpaka asilimia 35 kwa kile kinachozidi. Hiyo ni haki. Lakini ikifika katika riba, haki hiyo yalala. Mama mboga ambaye mapato yake yote hayafiki kiwango cha kutozwa hukatwa asilimia 15 ya riba ya akiba yake. Mkurugenzi ambaye kila shilingi anayoongezewa katika mshahara hukatwa 35, naye riba yake hukatwa asilimia 15. Kwa mkurugenzi, 15 ni punguzo. Kwa mama mboga, ni mzigo ambao mahali pengine sheria ilikwisha kumtua.

Tena kodi hii haitazami kupanda kwa bei. Lengo la katikati la Serikali ni bei kupanda kwa asilimia 5 kwa mwaka. Akiba ikizaa 10 na bei zikapanda 5, nusu ya riba si faida. Ni kufidia tu thamani ya fedha iliyopungua. Hata hivyo kodi hukatwa juu ya zile 10 zote. Faida ya kweli ni kama 5, na kodi ni 1 na nusu, yaani karibu theluthi yake.

Wako watakaosema kuwa misamaha ipo. Ndiyo, ipo, lakini tuangalie imewekwa wapi. Tangu mwaka 2009 Serikali imekuwa ikitoa hati fungani za miundombinu, ambazo riba yake haitozwi kodi. Ile ya Februari 2024 ilitoa riba ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, na Serikali ikapokea humo karibu shilingi bilioni 241. Hatulaumu kukopa kwa ajili ya barabara na maji. Twasema tu kuwa kwa miaka mingi mlango wa kuingia katika hati hizo umekuwa shilingi 100,000 kwa uchache, na mfuko wa soko la fedha huingiwa kwa fedha kidogo mno, hata kwa simu ya mkononi. Basi aliye na laki moja ya kuweka kwa mara moja husamehewa, na mwenye kuweka mia mia hukatwa. Yafaa wakubwa wetu wautazame mpango huo tena.

Njia bora imekwisha kuonekana, nayo imo katika sheria zetu wenyewe. Mifuko ya pensheni iliyoandikishwa haitozwi kodi juu ya mapato ya uwekezaji wake. Riba humo huzaa riba bila ya kubanduliwa. Mchango wa mfanyakazi huondolewa katika mapato yanayotozwa kodi, na tangu tarehe 27 Desemba 2024 kikomo chake kilipandishwa kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Kwa sheria hiyo hiyo, anayetimiza umri wa kustaafu hulipwa pensheni yake bila ya kutozwa kodi. Hilo ni jambo la kusifiwa, nasi twalisifu. Ila wanaofaidi zaidi ni wenye ajira ya kudumu na mshahara wa kutosha kuchangia kiasi hicho. Fundi wa jua kali, mwendesha bodaboda na kibarua wa shambani, ambao mapato yao hayana tarehe wala kiasi maalumu, wamekimbilia mifuko ya soko la fedha kwa kuwa yawapokea walivyo. Hao ndio walioachwa nje ya ua.

Kwa hiyo twatoa shauri mbili. Ya kwanza, riba ya mfuko wa uwekezaji wa pamoja isikatwe kodi mpaka kiwango fulani kwa mwaka, kiwango cha mtu mdogo, ili msamaha usigeuke kichaka cha matajiri kujificha. Jambo hili si geni duniani. Uingereza ilianzisha mwaka 1999 akaunti za akiba ambazo faida yake haitozwi kodi, lakini ikaweka kikomo cha kiasi ambacho mtu aweza kutia kila mwaka. Ya pili, kwa fedha zinazozidi kiwango hicho, mwenye kukubali kuzifunga kwa miaka 10 au zaidi adaiwe siku ya kuzitoa, kama anavyodaiwa mwenye kiwanja siku ya kuuza. Serikali haitakosa sehemu yake. Itaichukua wakati wa mavuno.

Nanyi, ndugu wafanyakazi, msingoje sheria ibadilike ndipo mfumbue macho. Ulizeni mfuko wenu kama faida inayotangazwa ni kabla ya kodi au baada yake, na ada ya usimamizi ni kiasi gani, kwa kuwa ada ya kila mwaka nayo hubandua gogo kwa namna ile ile. Mwenye nafasi ya kuongeza mchango wake wa pensheni na aitumie kabla ya kukimbilia mahali pengine. Anayebadili kazi asiivunje pensheni yake kwa tamaa ya wiki moja, maana hasara yake haihesabiwi kwa kile anachokitoa leo, ila kwa kile ambacho kingalikuwapo miaka 20 ijayo. Na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, mnapoketi mezani na Serikali kuzungumza mishahara, lipelekeni na neno hili la riba. Nyongeza ya mshahara huliwa na bei za sokoni ndani ya miaka michache. Akiba iliyoachwa izae kwa amani humlinda mtu siku ambayo mikono yake haiwezi tena kushika nyundo.