Mtoto Akitoka Jasho Akinyonya

Wazazi wenzangu wa Kwale, mtazameni mtoto anaponyonya. Akivuta mara chache akaachia ziwa, akahema mbiombio, kipaji kikalowa jasho ilhali kusi lavuma, huenda moyo wake umezidiwa. Huku kwetu mtoto asiyenenepa husemwa ana chirwa, na minong'ono ikaanza kuhusu mwenendo wa baba na mama. Nawasihi tuiache. Karibu mtoto mmoja kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo: tundu kati ya vyumba vyake, mshipa uliobana, au mshipa uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa ukabaki wazi. Wachache sana huwa na uvimbe moyoni, na ule unaoonekana zaidi kwa wachanga mara nyingi husinyaa wenyewe, mradi daktari aufuatilie. Uasherati hausababishi hata moja kati ya haya.

Ombi langu kubwa ni kwa hospitali ya Msambweni, kwa kila kituo cha kujifungulia, na kwa wawakilishi wadi wanaopitisha bajeti: mtoto asitoke wodini bila kupimwa oksijeni. Ni kile kifaa cha kubana kidole tulichokizoea wakati wa korona, chenye mkanda wa wachanga. Mtoto akitimiza saa 24, muuguzi humpima mkono wa kulia, kisha mguu. Kote kukisoma 95 au zaidi, bila kupishana zaidi ya 3, amepita. Popote kukisoma chini ya 90, daktari amwone papo hapo. Wenye hoteli wa Diani, vifaa hivi mnaweza kuvichangia.

Kifaa hakigundui kila tundu, kwa hiyo macho ya bibi na ya mhudumu wa afya anayepita nyumbani bado yanahitajika sana. Upasuaji wa moyo upo nchini, katika hospitali za Mater na Kenyatta jijini Nairobi, na Tenwek kule Bomet. Lakini kutoka Msambweni hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 500, na mtoto aliyekwisha kukonda huingia chumba cha upasuaji akiwa dhaifu. Mwandikisheni mtoto katika bima ya afya ya SHA mapema, kabla hajaumwa.

Na ukiona ulimi au ufizi umegeuka buluu, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke leo, useme waziwazi: "Naomba mwanangu asikilizwe moyo."