Nyota hazipiti, zinapitana

Nyota moja ikiikaribia nyota nyingine changa kisha ikaenda zake, Kifaransa, lugha ya masomo yetu ya juu, huweza kuliita tukio hilo "survol", neno lile lile la ndege inayoruka juu ya mji. Anayetafsiri haraka atasema nyota "imeruka juu" au "imepita" tu. Tafsiri hizo zinakosea mara mbili: katika lugha, na katika elimu ya nyota.

Tuanze na elimu yenyewe. Nyota changa huzungukwa na diski ya gesi na vumbi, na humo ndimo sayari hujengeka. Diski hiyo haidumu. Baada ya miaka milioni chache imekwisha. Tena nyota nyingi huzaliwa katika makundi. Kundi la Orioni, lililo umbali wa miaka-nuru 1,300 hivi, lina nyota changa kwa maelfu. Katika msongamano wa namna hiyo jirani anaweza kusogea karibu mno. Zikiwa nyota mbili zenye uzito sawa, diski inaweza kukatwa kingo zake hata ikabaki imeenea karibu theluthi moja tu ya umbali uliozitenganisha zilipokaribiana zaidi. Kilichong'olewa hutawanyika, au hunaswa na nyota ile nyingine. Na mgeni akienda upande ule ule diski inakozungukia, madhara huwa makubwa kuliko akija kinyume.

Mfano tunao. Mwaka 2020 wanaastronomia walieleza picha za UX Tauri zilizopigwa kwa darubini zilizoko Chile. Kutoka kwenye diski ya nyota kubwa inatoka mikono iliyojipinda, na mmoja umekuwa daraja la gesi na vumbi hadi kwa nyota ndogo. Nyota ndogo nayo ina diski yake, finyu na iliyoinama kwa namna nyingine. Walihitimisha kwamba ndogo ilipita karibu na kubwa kiasi cha miaka 1,000 kabla ya hali tunayoiona pichani.

Sasa niulize: hapo nani amepita, na nani amepitwa? Zote mbili zinatembea, zote mbili zinavutana, na kila moja inabaki na alama. Kitenzi "kupita" kina mtendaji mmoja na humwacha mwenzake kama jiwe la kando ya njia. Lakini sisi tuna kiambishi "-an-", ambacho tumekifundishwa tangu mwaka wa kwanza: kupigana, kuvutana, kupitana. Kwa silabi moja kinasema kile ambacho "survol" inakificha.

Mwenzangu mmoja anapendelea "kupishana". Sikubali. Wanaopishana njiani hupeana nafasi, kila mmoja akisogea kidogo kwa adabu. Nyota hazina adabu hiyo.

Wengine watasema: kwa nini kuhangaika na tukio adimu? Ni kweli kwamba nyota nyingi hupitana kwa mbali bila kudhuriana, na kwamba katika makundi mengine mwanga mkali wa nyota kubwa huharibu diski kuliko jirani yeyote. Lakini jambo hili huenda likatugusa hata nyumbani. Sedna, iliyogunduliwa mwaka 2003, hailikaribii Jua kuliko mara 76 ya umbali wa Dunia na Jua, mbali sana na mvuto wa Neptuni. Maelezo mojawapo ni kwamba nyota nyingine iliisogeza huko Jua lilipokuwa bado changa.

Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Katika vitivo vyetu, hata hivyo, tunakiitia methali na hadithi, kisha tunakifungia mlango sayansi inapoingia. Mtoto wa Lubumbashi au Bukavu anajifunza kwamba lugha ya mama yake haiwezi kubeba nyota. Inaweza, na hapa inazibeba vizuri zaidi.

Napendekeza kila toleo la jarida hili lichapishe istilahi 5 za sayansi, zilizotungwa na mwanafunzi wa lugha akikaa na mwanafunzi wa fizikia, pamoja na sababu za kuzichagua. Ya kwanza naileta mwenyewe: mpitano wa nyota. Anayeona haifai alete iliyo bora.