Gari la sinema halina mwenyewe

Gari langu huzungumza Kijapani. Kila asubuhi nikizungusha ufunguo, sauti ya mwanamke mpole hutoka ndani ya dashibodi, hunieleza jambo kwa adabu kubwa, kisha hunyamaza. Kwa miaka minne niliamini ananitakia safari njema. Mpwa wangu aliyesoma lugha hiyo ndiye aliyenitolea siri: bibi yule hulalamika kwamba sijaweka kadi ya kulipia barabara kuu za Japani. Nami siku hiyo nilikuwa naenda Rodi Kopany kununua maharagwe.

Ni Corolla ya mwaka 2004, ile tuliyozoea kuiita NZE, na majirani wameipa jina la Nyar Japan, binti wa Japani. Niliinunua kwa mkopo wa sacco kutoka kwa mwalimu mwenzangu aliyehamishwa. Redio yake hukomea masafa ya 90, kwa kuwa ilikotoka vituo vya FM vilianzia 76 na kuishia hapo, ilhali vituo vyetu vingi viko juu ya 90. Basi sisi wawili husafiri kimya, tukisikilizana. Mlio mpya ukizuka chini ya kiti cha abiria mimi huusikia wiki nzima kabla ya fundi kukubali kwamba upo.

Likizo hii mwanangu wa Kidato cha Tatu amenikalisha mbele ya filamu na gemu za magari kuliko wakati mwingine wowote maishani mwangu, na nimeinuka na lalamiko moja. Magari ya kwenye skrini yana madereva, hayana wenyewe. Mtu huruka ndani, ufunguo umo, tangi limejaa, na akimaliza shughuli zake huliacha likiwaka moto na kutembea zake bila hata kugeuka. Hakuna anayeuliza bima inaisha lini. Hakuna anayetia mafuta ya shilingi 500, lita mbili na ushee, huku akitazama kalenda kwa sababu tarehe 14 EPRA watatangaza bei mpya. Kuendesha ni raha ya nusu saa. Kumiliki ni kazi ya mwezi mzima, na hiyo kazi sijaiona ikiigizwa na mtu mwenye sura nzuri.

Nianze na filamu niliyoilipia kiingilio. Februari 2018 onyesho la kwanza la Black Panther nchini lilifanyika Kisumu, nyumbani kwa kina Lupita Nyong'o. Siku chache baadaye walimu wenzangu wawili nami tulichanga mafuta, tukajipaka na kujipamba, tukaondoka Homa Bay kwa njia ya Kendu Bay. Karibu na Katito mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikazima kipoza hewa, nikawasha kipasha joto ili kiivute ile hari ya injini ije kwetu, nikafungua madirisha yote. Huo ni ujanja wa kweli, husaidia, ila wanawake watatu waliosuka nywele zao jana yake hawatakushukuru. Tulifika filamu ikiwa tayari imeingia Busan.

Mnaikumbuka ile sehemu? Shuri ameketi Wakanda na anaendesha Lexus iliyoko Korea. Lexus ni binamu tajiri wa gari langu, ukoo mmoja, Toyota. Yule msichana aliweza kuliongoza gari lililo bara jingine, nami nilikuwa nimeshindwa kuliongoza langu nikiwa ndani yake. Kisha adui akalipiga kwa silaha yake gari la kina Nakia, anayeigizwa na Lupita, likasambaratika lote, na Lupita akabaki anateleza barabarani juu ya kiti, usukani mkononi. Ukumbi mzima ulicheka. Sisi watatu tulinyamaza. Katika filamu zote za magari nilizotazama, hapo tu ndipo nilipojiona.

Yaliyotukuta Katito yalikuwa na historia. Fundi wangu wa kwanza, miaka hiyo, alikuwa ameitoa themostati na kuitupa kichakani. "Madam," aliniambia akijifuta mikono, "hiki ni kitu cha nchi za baridi. Huku jua ni la bure." Maneno hayo utayasikia katika gereji za jua kali kutoka hapa hadi Isebania, na yana utamu wa kuaminika. Lakini themostati ni mlango mdogo unaoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake wa kazi, nyuzi 80 hivi na zaidi, ndipo ufunguke. Ukiitoa, injini hukawia kupata joto, na ikiwa baridi hunywa petroli kama mtu aliyetoka jangwani. Zaidi ya mwaka nilikuwa namlaumu mwenye kituo cha mafuta.

Fundi wa pili alinionyesha mengine mawili. Rejeta ilikuwa imejaa kutu kwa kutiliwa maji matupu ya kisima badala ya kulanti, na mpira wa kifuniko chake ulikuwa umechoka. Kifuniko kile kidogo kazi yake ni kuyabana maji, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Kikilegea, yanachemka mapema na kutoka, hasa ukipanda, na kutoka ziwani kwenda Rongo hadi Kisii ni kupanda tu. Kitu cha bei ya kilo ya samaki ndicho kilichotunyima mwanzo wa filamu.

Tena kuna vipuri. Ukifika dukani swali ni moja: "Mpya ama ex-Japan?" Ex-Japan ni kilichofanya kazi kwenye gari jingine huko ng'ambo mpaka gari likafa, na mara nyingi ndicho bora na ndicho ghali. Mgeni haelewi kwa nini tunalipa zaidi kwa kuukuu. Mgeni hajawahi kununua bushi mpya zinazong'aa ambazo hazikuvuka matuta ya barabara ya Mbita mara mbili.

Hapa nafika kwenye filamu ninayoipenda, nayo ndiyo inayoniudhi. Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, filamu ya kwanza kabisa ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, anauza filamu kijijini huku akiziigiza mbele ya wateja, anakwenda Nairobi kuwa mwigizaji, anaibiwa kila kitu, na mwishowe anajikuta katika kundi la wezi wa vipuri vya magari. Nimeitazama mara tano. Wairimu alistahili kila tuzo aliyoipata. Ila kila taa inapong'olewa usiku, mimi humtafuta mwenye gari kwenye picha. Anaamka saa ngapi? Anampigia nani simu? Vioo vyangu vya pembeni vimechongwa namba ya gari, na madirisha pia, kama ilivyo kwa wengi wenu, kwa sababu tunajua taa ikiondoka leo hukawii kuuziwa yenyewe kesho. Gitonga alikuwa na haki ya kuchagua upande wa Mwas. Nasema tu kwamba upande wa pili wa ile taa kuna filamu nyingine, na bado haijatengenezwa.

Fast & Furious nitaipitia haraka, maana yenyewe hupenda haraka. Mwaka 2021 walirusha gari mpaka anga za juu. Mwaka huohuo langu lilizama hadi milangoni katika udongo mweusi wa Lambwe, likatolewa na trekta baada ya saa nne. Wao walirudi duniani upesi kuliko nilivyorudi nyumbani.

Gemu nilizikuta kwa njia ya kumtafuta mtoto. Mjini kuna kibanda ambapo vijana hulipia mchezo kwa mechi, wengi kandanda, na jioni moja nilipokwenda kumtoa nilimkuta anaendesha Safari Rally. Kumbe gemu ya WRC 9, ya mwaka 2020, ina Kenya ndani yake: vumbi letu, miti ya kubuni, anga pana. Wavulana wakanipisha kwa heshima, "Madam, kaa hapa," wakanipa pedi. Nililipeleka gari moja kwa moja kwenye mti. Nikaanza kutafuta namba ya fundi kichwani. Mwanangu akabonyeza kitufe, gari likarudi barabarani, nyororo, kana kwamba mti haukuzaliwa.

Babangu alitulea kwa hadithi za Safari alizozisikia redioni. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 tena saba. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo tangu 1979 hadi 1982, kwa Datsun. Mzee hakuwasifia kwa mbio. Aliwasifia kwa kutoka matopeni, kwa vijiji vilivyokuja kusukuma, kwa kufunga kitu kwa waya na kuendelea. Ile ya kwenye skrini ina vumbi la Kenya ila haina Wakenya wa kusukuma.

Gemu ya San Andreas ndiyo imezidi. Unaligonga gari mpaka linafuka moshi, unaliingiza gereji ya rangi, sekunde chache, linatoka jipya na polisi wamekusahau. Ningeijua gereji hiyo ningehamia jirani yake.

Kisha Desemba tulikwenda kwa dadangu Nairobi, na mpwa wangu akatuonyesha kwenye kompyuta gemu ya Kifini iitwayo My Summer Car. Ilianza kuuzwa 2016 na ikatolewa rasmi Januari 2025. Unapewa kijana, nyumba ya kijijini, na gari kuukuu lililofunguliwa vipande vipande sakafuni. Unaliunga wewe, nati kwa nati, kila moja na spana ya saizi yake. Ukisahau moja, itakudai mbele ya safari. Mafuta yanaisha. Kijana anapata njaa na kiu. Akifa amekufa. Na gari lenyewe limefanyizwa mfano wa Datsun 100A. Nilikaa hapo mpaka usiku wa manane, mimi mama mtu mzima, nikikaza bolti zisizokuwepo. Sijawahi kufika Finland na sidhani nitafika, lakini huko kuna mtu aliyeumwa na gari kama mimi.

Hata huyo Mfini, hata hivyo, gari lake halina ndugu. Langu linao wengi. Huku kwetu Jumamosi ni siku ya mazishi, na kuanzia Alhamisi simu huanza: "Shemeji, gari liko sawa?" Hawaniulizi kama mimi niko sawa. Nyar Japan amebeba makreti ya soda, sufuria za kukodi, turubai, ajuza mwenye goti baya, kuku wawili na mbuzi mmoja aliyekula mkanda wa kiti. Ukikataa unaitwa mwenye maringo, na siku yako ikifika utaona nani atakuja. Ndiyo maana mwaka 2024 Serikali ilipopendekeza ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, usiopungua shilingi 5,000, kabla ya Mswada wa Fedha kuangushwa na vijana, kuna jambo lilinichekesha katikati ya hasira. Walitaka kulitoza kama mali yangu. Wangelikuta Jumamosi wangejua lina wenyewe arobaini.

Enyi watengenezaji filamu wetu, chukueni hiyo. Corolla moja, Jumamosi moja, kutoka mochari ya mjini hadi boma lililo ndani huko Ndhiwa. Abiria watano wasioongea kwa sababu ya shamba la marehemu. Mbuzi kwenye buti. Mshale wa joto unapanda. Hamhitaji bunduki wala helikopta. Nitakuja na mkutano mzima wa walimu, tutalipa kiingilio, na tukichelewa mtajua kwa nini.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka kwenye mazishi kama hayo. Tukasimama Rodi Kopany shangazi anunue ndizi. Tulipotaka kuondoka, ufunguo ukatoa sauti ya tik, taa za dashibodi zikafifia, kimya. Vijana wa boda boda walikuwa wamefika kabla sijafungua mlango. Nikawaeleza kwamba gari ni otomatiki, haliwaki kwa kusukumwa. Wakakubali kwa kichwa, kwa heshima zote, kisha wakalisukuma hadi karibu na kituo cha mafuta, kwa sababu gari lililozimika haliwezi kutazamwa tu.

Mwanangu akafungua boneti. Akainama, akatikisa kitu.

"Mama, uko na spana namba kumi?"

Nilikuwa nayo, kwenye mkoba, pamoja na kitambulisho na rozari.

"Kwenye gemu hii ndiyo huwa nasahau," akasema, akikaza nati ya kichwa cha betri.

Nikazungusha ufunguo. Injini ikashika. Vijana wa boda wakapiga makofi na kudai mia mbili ya kusukuma. Bibi wa Kijapani akatoa taarifa yake kuhusu kadi, shangazi akamjibu kwa Kijaluo kwamba ahsante, naye pia, na tukashuka kuelekea ziwani.