Bosi yuko ng'ambo, jasho liko Kayole

Wasee, hapa mtaani ukisema unafanyia kampuni ya Marekani, majirani wanadhani unakunja madola. Hawakuoni saa tisa usiku ukibonyeza picha moja moja kufunza AI, bando ikiisha na mita ya tokeni ikilia.

Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu vijana wa Nairobi waliosoma maandishi machafu ndio ChatGPT isitapike uchafu. Walipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa.

Mimi nilifungiwa akaunti na pesa ya wiki mbili ndani. Kuandikia saporti, nikajibiwa na roboti. (Labda ni mimi niliifunza.)

Watu husema kampuni iko mbali, utaishtaki wapi? Si kweli. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya, kwa kesi za wale waliokuwa wakichuja video mbaya za Facebook.

Siwaambii muache. Hata kodi yangu ya nyumba inatoka huko. Lakini kabla ubonyeze "nakubali", angalia mkataba unasema kesi itasikizwa nchi gani. Na kila malipo, piga skrinshoti.