Vikombe Vitatu kwa Watu Wanane

Katika mkutano mkuu wa muhula huu litaletwa pendekezo la kulifuta darasa la chai na ngumi, fedha zake zikaongeze nguvu usiku wa utamaduni: kukodi mavazi ya hariri, kupamba jukwaa, kumlipa mpiga picha. Wanaolileta ni wenzetu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema darasa limebaki na watu wanane, linakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mwaka mzima halijatoa kitu cha kuwaonyesha wageni. Sisi ndio hao wanane. Tunaomba wanachama na walimu wetu mtusikilize kabla mikono haijanyooshwa.

Tuanze na neno lenyewe. Wengi wetu tulilipata "kung fu" kwenye mabanda ya video huko nyumbani, Bruce Lee akiruka na sisi tukiruka naye, tukaamini maana yake ni kupigana. Tulipofika hapa Guangzhou tukakuta hata chai inaitwa gongfu. Herufi ya kwanza kwa kawaida huandikwa tofauti, lakini matamshi ni yale yale na maana zinakaribiana: muda na jitihada mtu alizotia katika kazi, na ustadi unaozaliwa humo. Mpishi anaweza kuwa na gongfu. Seremala pia. Kudai gongfu ya usiku mmoja ni kama kwenda kung'oa muhogo jioni ya siku uliyoupanda.

Chai tunayojifunza ni ya Chaozhou, mashariki mwa mkoa huu wa Guangdong. Birika ni la udongo, dogo la kuenea kiganjani. Majani ya oolong hutiwa mengi hadi mgeni anadhani umekosea kipimo. Maji yawe yamechemka, na yakae humo sekunde chache tu. Mmimino wa kwanza humwagwa, kazi yake ni kuosha majani na kupasha vikombe moto. Baada ya hapo majani yale yale hutiwa maji mara saba au nane, na kila mara ladha inakuwa nyingine. Kwetu tuliokulia chai ya maziwa iliyopikwa pamoja na sukari na tangawizi, wiki za kwanza zilikuwa za uchungu mtupu. Utamu hauko ulimini, unakuja kooni, baadaye.

Kazi iko kwenye kumimina. Vikombe hupangwa vikigusana, na birika huzungushwa juu yake bila kusimama, ili kusiwe na kikombe cha maji na kingine cha shubiri. Hatua hiyo inaitwa Guan Gong akizunguka mji. Matone ya mwisho, yale mazito, hugawanywa moja moja kwa kila kikombe, na hapo ni Han Xin akihesabu askari. Wote wawili walikuwa majemadari: Guan Gong alikufa mwaka 220, na Han Xin zaidi ya miaka 400 kabla yake. Kwa hiyo anayesema chai na ngumi ziliwekwa pamoja na kamati yetu kwa kubana matumizi, aje atusikilize tunavyotaja hatua hizo mezani.

Halafu kuna vikombe vitatu. Desturi ya Chaozhou ni vitatu hata mkiwa wengi. Wakubwa na wageni hunywa kwanza, vikombe husuuzwa kwa maji ya moto, wengine wanangoja mzunguko unaofuata. Tukiwa wanane, wa mwisho hungoja sana. Mtoto wa Kiswahili haoni ajabu hapo.

Ngumi nazo zina kungoja kwake. Mwalimu wetu, mzee aliyestaafu, alitusimamisha mabu kwa wiki sita: miguu imetanuliwa, mapaja yameshuka, mgongo wima, kama umempanda farasi ambaye hayupo. Ngumi hakuna. Ndipo wengi walipoondoka, na hatuwalaumu. Sasa tumo kwenye taijiquan ya mikao 24, iliyotungwa mwaka 1956 ili watu wa kawaida waweze kujifunza. Inachukua kama dakika tano au sita, na wapo wanaoibeza kuwa ni mazoezi ya wazee wa bustanini. Waifanye polepole, magoti yasitetemeke, kisha tuzungumze.

Lakini hoja yetu kubwa ni nyingine. Wanachama Wachina wa chama hiki wanasoma Kiswahili kwa miaka minne. Wanapambana na ngeli, na baadhi yao wanasahihisha upatanisho wa kisarufi wa sisi tuliozaliwa nao. Hakuna hata mmoja aliyejifunga kanga, akapigwa picha, akatuambia amekijua Kiswahili. Tukiwarudishia jitihada hiyo kwa hariri ya kukodi na mateke ya kuigiza, tutakuwa tunawapa nini? Vijana wa Dar es Salaam wanaita uongo "chai". Onyesho la namna hiyo litakuwa chai kwa maana hiyo, mbele ya watu wenye neno lenyewe, maana lilitoka kwao likapita Uajemi na India kabla ya kufika kwetu.

Usiku wa utamaduni hatuupingi. Ngoma, pilau na ushairi ni vyetu, na tunavijua. Huko fedha ziende. Pia tunakubali kwamba alfajiri inawanyima nafasi wenzetu wanaotoka maabara usiku wa manane. Tunapendekeza Jumamosi jioni kuwe na kikao cha chai peke yake, mtu aje hata kama hataki kusimama mabu. Mzee hajawahi kutaka malipo. Gharama ya darasa ni majani, pamoja na birika la umeme, kwa sababu la sasa limeanza kuvuja. Na kamati ikiona ni lazima tupande jukwaani, tutapanda: tutasimama mabu dakika tano, kimya, na mpiga picha atakuwa na muda wa kutosha.