Ajali Ina Kinga: Tusiwasahau Waliokaa Nyuma

Kila inapotokea ajali ya gari tunasikia watu wakisema, "Ajali haina kinga." Maneno hayo huwafariji wafiwa, wala si vizuri kubishana nao msibani. Lakini baada ya matanga inafaa tuyapime. Huenda hatuwezi kuzuia kila gari lisigongane na lingine. Namna mwili unavyoumia ndani ya gari ni jambo jingine. Hilo lina kinga, nayo ni mkanda.

Mwezi huu tunazungumzia pikapu, hasa zile zenye nafasi finyu nyuma ya viti vya mbele. Hapa Kingolwira gari la namna hii ni la kazi na la familia pia. Asubuhi linapeleka nyanya sokoni Morogoro, mchana linampeleka mgonjwa hospitali, Jumapili linabeba watoto kwenda kanisani. Tutazame nani anakaa wapi. Baba na mgeni wako mbele, wamefunga mikanda. Bibi na wajukuu wamebanana nyuma, hawakufunga kitu. Tumewapa walio dhaifu kiti kibaya kuliko vyote, kisha tukawanyima na mkanda.

Hatari ya nyuma

Viti vya nafasi hiyo mara nyingi ni vidogo, vya kukunja, na vingine havina pa kuegemeza kichwa. Kioo cha nyuma kiko karibu na kisogo. Katika baadhi ya pikapu za zamani viti vimewekwa ubavuni, abiria wakitazamana. Mkanda hauwezi kumlinda vizuri mtu aliyekaa upande, kwa sababu umetengenezwa kuzuia mwili unaosukumwa mbele.

Gari likienda kilometa 50 kwa saa likasimama ghafla kwa kugonga, mwili usiofungwa huendelea na mwendo uleule. Kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa meta 10 hivi, yaani juu ya mnazi. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa hugeuka mzigo unaozidi kilo 150. Hakuna mama awezaye kuushika, hata awe na upendo wa namna gani.

Tena, asiyefunga nyuma humuumiza aliyefunga mbele. Uchunguzi uliofanywa Japani na kutangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba hatari ya kufa kwa watu wa mbele waliofunga mikanda iliongezeka karibu mara tano pale abiria wa nyuma walipokuwa hawakufunga. Kwa hiyo baba aliyefunga mkanda peke yake asidhani amesalimika.

Visingizio vyetu

Wapo wasemao, "Nafika hapo Nanenane tu." Safari ni fupi, ndiyo, lakini barabara ni ileile inayopitisha mabasi ya mikoani na malori ya Zambia na Kongo. Lori haliulizi kama unakwenda mbali au karibu.

Wengine hufunga wakimwona askari wa trafiki, na akipita wanafungua. Kwa miaka mingi kifungu cha mkanda katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 kilimlenga dereva na abiria wa kiti cha mbele. Tukazoea kudhani kwamba nyuma hakuna haja. Sisi tunasema mwili wa mwanadamu hauna sheria mbili, moja ya mbele na nyingine ya nyuma.

Wengine tena husema gari lao halina mikanda nyuma. Mara nyingi imo, ila imefichwa na kava za viti au imesukumwa chini ya kiti. Itafuteni.

Ushauri wetu

1. Dereva asiondoe gari mpaka kila abiria awe amefunga. Amwambie hata mzee, kwa heshima: "Mzee, naomba tufunge mkanda."

2. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja. Usiwafunge watoto wawili pamoja, wala usimfunge mtoto pamoja na wewe.

3. Sehemu ya chini ipite kwenye nyonga, si juu ya tumbo. Mkanda uliokaa tumboni unaweza kuumiza utumbo na hata uti wa mgongo. Mama mjamzito aupitishe chini ya mimba, na ule wa juu upite katikati ya matiti.

4. Mkanda ukimkata mtoto shingoni, usiupitishe nyuma ya mgongo wake. Mtoto mdogo anahitaji kiti chake maalumu. Kama hakienei kule nyuma, tafuteni gari lingine lenye kiti kamili.

5. Kama nyuma hakuna mkanda, au viti vimekaa ubavu, wekeni mizigo huko, nayo ifungwe. Msiweke watoto.

6. Anayenunua pikapu iliyotumika avute kila mkanda kwa nguvu na ajaribu kila kifungio. Mkanda uliochanika, au uliokuwa umefungwa wakati gari lilipopata ajali kubwa, ubadilishwe na fundi.

Na bodi ya nyuma je? Hiyo ni ya magunia. Tunajua kwaya huipanda, timu ya mpira huipanda, na waombolezaji huipanda. Hata hivyo hakuna mkanda unaoweza kumwokoa aliyekaa juu ya bodi. Ni afadhali gari lirudi mara mbili, au tuchangishane nauli ya basi, kuliko kwenda kumzika mmoja na kurudi na maiti wengine.

Kufunga mkanda hakuchukui hata nusu dakika, wala hakuna malipo. Basi, safari ijayo, kabla ya kuwasha gari, tugeuke tutazame nyuma. Bibi amefunga? Watoto wamefunga? Kama bado, safari haijaanza.